Jasho la Kisangani na Namna ya Kulihesabu

Shughuli ya mwili ni kila mwendo unaofanywa na misuli na kuufanya mwili uchome nguvu zaidi ya zile unazotumia ukiwa umetulia. Maana hiyo ilitolewa na watafiti wa afya wa Marekani mwaka 1985, na tangu hapo imekubalika karibu kila mahali. Haidai uwanja, wala raba, wala filimbi ya mwamuzi. Kutwanga sombe, yaani majani ya mhogo, ni shughuli ya mwili. Kupiga kasia, kupasua kuni, kusukuma kinga, yaani baiskeli, iliyopakiwa madumu ya mafuta ya mawese, kupanda ngazi, kucheza muziki mpaka usiku wa manane, yote yamo. Mazoezi ni fungu dogo la hayo: yale yaliyopangwa na kurudiwa kwa nia ya kuujenga mwili. Michezo ni fungu dogo zaidi, lenye kanuni zake na mshindi wake.

Tofauti hizo huonekana kuwa za darasani tu mpaka zifikishwe Kisangani, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mji huo una komine sita: Makiso, Tshopo, Mangobo, Kabondo, Kisangani na Lubunga. Lubunga iko peke yake ng'ambo ya kushoto ya mto Kongo, na anayetaka kuvuka hupanda mtumbwi au hungoja kivuko. Alfajiri, vijana wa Makiso hutoka kwenda kufanya "futing", hukimbia kwa makundi huku wakiimba, na kila anayewaona husema wanafanya spoti. Saa hiyohiyo mama wa Lubunga anashuka mtumbwini na mzigo wa mihogo mgongoni, anapanda ukingo wa mto, anaelekea sokoni. Hakuna anayesema mama huyo anafanya chochote kwa ajili ya afya yake, naye mwenyewe ndiye wa mwisho kulisema. Ukimuuliza kuhusu spoti atacheka. Lakini moyo wake, mapafu yake na misuli ya mapaja yake havijui tofauti ya maneno.

Nje ya mji, kazi ya mwili huzidi. Huko Barumbu ya jimbo la Tshopo, ambayo isichanganywe na ile komine ya Kinshasa yenye jina hilohilo, maisha yanaegemea shamba, msitu na mto, kama ilivyo kwa sehemu kubwa ya jimbo. Shamba hulimwa kwa jembe la mkono na panga, maji huchotwa, mihogo huchimbwa, hulowekwa na kubebwa. Hapo mtu haulizwi kama anatembea. Anatembea kwa sababu mambo hayaendi bila kutembea. Kwa mtafiti anayefika na fomu yake swali ni jingine, na ni gumu zaidi kuliko linavyosikika: nguvu zote hizo zinapimwaje, na zikishapimwa, kuna nini cha kuhimiza?

Kisangani yenyewe ina historia nzuri ya kujibia sehemu ya swali hilo, nayo ni historia ya toleka. Kwa Kilingala neno hilo maana yake ni "tupite", na ndilo jina zililopewa baiskeli za abiria zilizojaa mjini humo miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000. Uchumi ulikuwa umeporomoka, magari yamechakaa, na vita vilivyoanza 1998 viliukata mji usipate shehena kutoka Kinshasa kwa njia ya mto, safari ya kilomita zaidi ya 1,700. Mafuta yalikuwa ya shida. Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana katikati ya mji kwa siku sita. Katika hali hiyo, chombo kisichokunywa petroli kilikuwa ndicho chombo. Kiti cha nyuma kiliwekewa mto wa sponji, abiria akaketi, na kijana wa mbele akakanyaga pedeli kutwa nzima juu ya barabara zilizokwisha lami. Karibu mji mzima ulisafiri kwa mapaja ya vijana wake.

Amani iliporudi kwa kiasi na barabara kufunguliwa, zikaja pikipiki za bei nafuu kutoka Asia. Abiria walizipenda kwa mbio zake, na madereva walizipenda kwa sababu inayoeleweka na yeyote aliyewahi kumpandisha mtu mzima kilima kwa baiskeli. Toleka zikapungua mwaka hata mwaka. Kazi ikabaki ileile: kupeleka watu kutoka Mangobo hadi soko kuu na kuwarudisha. Kilichobadilika ni mwili wa dereva. Wa zamani alikuwa akihema, wa sasa amekaa na kukaza kiganja.

Mabadiliko ya namna hii, ya watu wa kazi moja lakini miili inayotumika tofauti, ndiyo yaliyozaa elimu ya shughuli za mwili tangu mwanzo wake. Mwaka 1953 daktari Jeremy Morris na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet uchunguzi wa watumishi wa usafiri wa London. Mabasi ya huko yalikuwa ya ghorofa mbili. Dereva alikaa kutwa nzima. Kondakta alipanda na kushuka ngazi akikata tiketi, ngazi 500 hadi 750 kwa siku ya kazi. Wote wawili walikuwa wanaume wa tabaka moja, katika gari moja, ndani ya moshi uleule. Ikaonekana kuwa makondakta walipatwa na maradhi ya moyo kidogo kuliko madereva, na walipopatwa, hayakuwaua kwa wepesi uleule. Hakuna aliyekuwa amewaambia wafanye mazoezi.

Morris hakuridhika upesi, na hapo ndipo penye funzo kwa kila anayetaka kupima. Miaka mitatu baadaye alichapisha vipimo vya sare za watumishi haohao na kuonyesha kwamba madereva walikuwa na viuno vinene zaidi tangu umri wa mwanzo. Pengine basi wanene ndio waliokuwa wakichagua usukani. Hoja hiyo haikuuvunja uchunguzi wake, kwani tafiti nyingi za baadaye zimethibitisha kwamba mwendo hulinda moyo, lakini inafaa kukumbukwa kila yanapolinganishwa makundi mawili ya watu. Hata Kisangani, kijana aliyebaki na toleka wakati wenzake wamehamia pikipiki huenda si sawa na wao: anaweza kuwa maskini zaidi, au mwenye nguvu zaidi, au vyote viwili.

Ili kulinganisha kasia na jembe na pedeli, wataalamu wanatumia kipimo kiitwacho meti. Meti moja ni nguvu anayotumia mtu aliyeketi kimya, takriban mililita 3.5 za oksijeni kwa kila kilo ya mwili kwa dakika, au karibu kilokalori moja kwa kilo kwa saa. Kazi yenye meti 3 hadi chini kidogo ya 6 huitwa ya wastani, na kuanzia 6 ni nzito. Kutembea kwa kasi ya mtu anayewahi soko ni meti 3 na kitu. Kwa wasio na mashine ya kupima pumzi kuna njia ya mkato: anayefanya kazi ya wastani anaweza kuzungumza lakini hawezi kuimba, na anayefanya kazi nzito husema maneno machache kisha hukata ili avute pumzi. Njia hiyo ni nzuri, ila walioibuni hawakuwafikiria wapiga kasia wa mto Kongo, ambao huimba papo hapo wanapovuta maji, kwa sababu wimbo ndio unaolinganisha makasia.

Shirika la Afya Duniani, WHO, lina hojaji yake ya shughuli za mwili iliyotungwa mwaka 2002 kwa ajili ya nchi zinazoendelea hasa. Ina maswali 16. Inauliza juu ya kazi, juu ya safari za kwenda na kurudi, juu ya burudani na michezo, na mwisho juu ya muda wa kukaa. Dakika za shughuli ya wastani huzidishwa kwa 4, za nzito kwa 8, kisha hujumlishwa kwa wiki nzima. Anayefikisha 600 huhesabiwa kuwa amepata kiwango cha chini kinachotakiwa, ambacho ni sawa na dakika 150 za mwendo wa wastani.

Hesabu yenyewe inaweza kufanywa kwa kijiti juu ya mchanga. Mama anayetembea dakika 40 kwenda sokoni na 40 kurudi, siku 6 kwa wiki, anapata dakika 480. Mara 4, ni 1,920. Amepita kiwango zaidi ya mara tatu kabla hajashika mchi wala ndoo. Dereva wa toleka anayekanyaga pedeli saa 4 kwa siku kwa siku 6 ana dakika 1,440, na hata kazi yake ikihesabiwa kuwa ya wastani tu, jumla ni 5,760. Mwenzake wa pikipiki, kwa njia ileile na abiria walewale, anaandikiwa sifuri. Atategemea burudani yake ya Jumapili ili apate chochote, na dereva wa pikipiki hana Jumapili nyingi.

Ugumu unaanza pale maswali yanapotoka kwenye karatasi na kuingia kinywani. Neno "kazi" ndilo mtego wa kwanza. Mwanamke wa mjini anayeulizwa kazi yake mara nyingi hujibu kwamba hana, yuko nyumbani tu. Ukikubali jibu hilo, umefuta kwa wino mmoja kufua, kutwanga, kuchota maji, kubeba mtoto na kulima kiwanja cha nyuma ya nyumba. Ndiyo maana maelekezo ya hojaji hiyo humtaka muulizaji aeleze kwamba kazi ni pamoja na isiyolipwa na ya nyumbani, na atumie picha za shughuli za mahali pale. Picha za mtu anayesukuma mashine ya kukatia majani hazina maana Tshopo. Zinatakiwa za mchi, panga, kasia na kitunga cha mgongoni.

Mtego wa pili ni muda. Hojaji huhesabu vipindi vya dakika 10 au zaidi mfululizo, lakini kazi za nyumbani huja vipande vipande: ndoo moja, kisha moto, kisha mtoto, kisha ndoo nyingine. Miongozo mipya ya WHO ya mwaka 2020 imeondoa sharti la dakika 10 na kusema kila mwendo una faida, mfupi kwa mrefu, ila kumbukumbu ya mtu haijabadilishwa na miongozo. Hakuna anayekumbuka vipande. Watu hukumbuka siku, na hasa siku yenye jambo: siku ya soko, siku ya misa, siku ya kuvuka. Muulizaji hodari huanzia hapo na kurudi nyuma, badala ya kuuliza saa ngapi kwa wiki kama karani wa mishahara. Tena aangalie majira. Kisangani iko karibu nusu digrii tu kaskazini ya ikweta na hunyeshewa karibu kila mwezi wa mwaka, kwa hiyo kiangazi chake si kikali, lakini kazi ya kufyeka na kazi ya kuvuna hazifanani hata kidogo kwa jasho.

Kwa sababu ya udhaifu wa kumbukumbu, vyombo vimetafutwa. Kinachojulikana zaidi ni kihesabu hatua. Mwaka 1965 kampuni moja ya Japani ilianza kuuza kidude cha kuvaa kiunoni kiitwacho manpo-kei, yaani kipimo cha hatua 10,000. Ndipo ilipotoka idadi hiyo inayorudiwa na kila simu duniani, na ilikuwa jina la bidhaa kabla haijawa ushauri wa daktari. Tafiti za baadaye zimeonyesha hesabu ya upole zaidi. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2022, uliojumlisha makundi 15 ya watu waliofuatiliwa kwa miaka, ulikuta hatari ya kufa mapema ikishuka kadiri hatua zinavyoongezeka mpaka kati ya 6,000 na 8,000 kwa wenye miaka 60 au zaidi, na kati ya 8,000 na 10,000 kwa walio chini ya hapo. Baada ya hapo faida haiongezeki sana.

Hatua hazipimi kila kitu, na Kisangani hazipimi mambo mengi. Simu iliyo mfukoni mwa mpiga kasia itasema amekaa saa mbili. Iliyo kiunoni mwa dereva wa toleka itakamata kidogo tu ya mzunguko wa pedeli. Mvuvi wa Wagenya anayepanda magogo yaliyosimikwa ndani ya maporomoko ya Boyoma ili ateremshe na kuinua kitunga cha samaki kikubwa kuliko yeye, anatumia mikono, mgongo na roho yote, na kipimo cha hatua kitamwandikia matembezi ya mzee. Hata akselerometa za watafiti, ambazo hunasa mtikisiko wa mwili kwa pande zote na ni bora kuliko simu, haziwezi kutofautisha anayetembea mikono mitupu na anayetembea na kilo 30 mgongoni, kwa kuwa mtikisiko wa kiuno ni karibu uleule.

Juu ya mzigo kuna jambo la kushangaza lililogunduliwa Afrika Mashariki yenyewe. Mwaka 1986 Geoffrey Maloiy wa Kenya na wenzake walichapisha katika jarida la Nature vipimo vya wanawake wa Kijaluo wanaobeba kichwani na wa Kikikuyu wanaobeba mgongoni kwa ukanda wa kwenye paji la uso. Wanawake hao waliweza kuchukua mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila oksijeni wanayotumia kupanda kwa namna ya kupimika. Zaidi ya hapo gharama ilipanda. Kwa Kongo ya mashariki na misitu yake, ambako ukanda wa paji la uso ni chombo cha kila siku, ugunduzi huo una pande mbili. Upande mmoja unaonyesha ufundi wa mwendo uliojifunzwa tangu utotoni. Upande wa pili unaonya: mizigo inayoonekana njiani mara nyingi hupita mbali moja ya tano ya uzito wa mbebaji, na huko ufundi huishiwa.

Kipimo kinachoaminiwa kuliko vyote ni maji yaliyotiwa alama. Mtu hunyweshwa maji yenye haidrojeni nzito na oksijeni nzito, ambazo hazina madhara, kisha mkojo wake hupimwa kwa wiki moja au mbili. Haidrojeni hutoka mwilini kwa maji peke yake, oksijeni hutoka kwa maji na kwa hewa ya kaboni. Tofauti ya kasi zake hutoa kiasi cha hewa ya kaboni iliyozalishwa, na kutoka hapo nguvu zote zilizochomwa. Njia hiyo ni ghali mno kwa uchunguzi wa kawaida. Ilipotumiwa kwa Wahadza wa kando ya ziwa Eyasi, Tanzania, na Herman Pontzer na wenzake, matokeo yaliyotolewa mwaka 2012 yaliwaacha wengi midomo wazi: Wahadza wanaowinda na kuchimba mizizi kila siku walichoma nguvu sawa na watu wa mijini wa Marekani na Ulaya, ukizingatia ukubwa wa mwili. Si kwamba walikuwa wakikaa. Vipimo vya mapigo ya moyo vilivyotolewa mwaka 2017 vilikuta wana wastani wa dakika 135 kwa siku za mwendo wa wastani au mzito, karibu zile ambazo wengine wanahimizwa kuzipata kwa wiki. Mwili, kwa maelezo ya Pontzer, una bajeti: ukitumia zaidi kwa kazi, hubana mahali pengine.

Wahadza haohao walionekana pia kupumzika karibu saa 10 za mchana na jioni, muda usiopungua wa wanaokaa ofisini. Ila hawakai vitini. Huchuchumaa, hupiga magoti, na misuli ya miguu hubaki ikifanya kazi kidogo kidogo. Anayejua jiko la kuni la Kongo, na kiti kile cha miguu mifupi ambacho mpishi hukaa na kuinuka mara arobaini kabla chakula hakijaiva, hatahitaji kufika Eyasi ili aelewe. Ofisi za Makiso zimeleta kiti kirefu chenye mgongo, na watu wamekipenda kupita inavyostahili.

Inabaki hoja ambayo wahimizaji wengi huikwepa. Jasho la kazi na jasho la burudani halileti faida ileile. Tafiti za Ulaya na kwingineko zimeonyesha kwamba anayefanya mazoezi kwa hiari hupata kinga ya moyo iliyo wazi, lakini anayefanya kazi nzito ya kuajiriwa miaka mingi mara nyingi haipati, na pengine hali yake huwa mbaya zaidi. Sababu zinazotajwa ni za kawaida: kazi huendelea saa nyingi bila kupumzika, hurudia mkao mmoja, hupandisha shinikizo la damu kwa muda mrefu, na haimpi mtu nafasi ya kuacha anapochoka. Mkimbiaji wa asubuhi hukimbia nusu saa akaenda kuoga. Mbeba mizigo wa bandarini anaacha mzigo utakapokwisha. Zaidi ya hayo, anayelipwa kidogo hula kidogo, na mwili unaochoma kuliko unavyolishwa haujengeki. Kumwambia mtu wa namna hiyo aongeze mwendo ni kutomsikiliza. Anachohitaji ni mzigo mwepesi, mkokoteni wenye magurudumu mazuri, chakula, na usingizi.

Hapo ndipo takwimu za dunia zinapopaswa kusomwa kwa jicho kali. WHO ilikadiria kwamba mwaka 2022 asilimia 31 ya watu wazima duniani, karibu bilioni 1.8, hawakufikia kiwango, kutoka asilimia 26 mwaka 2010. Katika makadirio yaliyotolewa 2018, Uganda ilikuwa na wachache kuliko nchi zote, asilimia 5.5, na Kuwait ilikuwa na asilimia 67. Magazeti ya Afrika Mashariki yaliisifu Uganda kwa ukakamavu. Sifa si mbaya, lakini sehemu kubwa ya alama hizo inatokana na jembe na safari ya miguu, na nchi ikinunua pikipiki na kuchimba visima, alama zitashuka kwa sababu maisha yamekuwa bora. Hakuna mtu mwenye akili atakayetaka kisima kifukiwe ili asilimia ipande. Kazi ya wanaohimiza shughuli za mwili ni kutafuta mwendo utakaobaki baada ya shida kuondoka.

Kongo ilikwisha kujaribu kuamrisha jasho. Katika miaka ya 1970, utawala wa Mobutu ulianzisha salongo, kazi ya pamoja ya lazima ya kufagia, kulima na kuzibua mitaro. Wazee wengi bado wanalitamka neno hilo kwa kukunja uso. Jirani zake wamechagua njia za hiari zaidi. Kigali, tangu 2016, hufunga barabara kadhaa kwa magari baadhi ya Jumapili, watu wakatembea, wakaendesha baiskeli na kupimwa sukari na shinikizo la damu papo hapo. Tanzania ilizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi mwishoni mwa 2016, chini ya Samia Suluhu Hassan aliyekuwa Makamu wa Rais, na Jumamosi ya pili ya mwezi ikatengwa kwa ajili hiyo. Mambo haya hupendeza kwa picha na huwapa moyo waliokwisha kuwa na moyo. Ila mara moja au mbili kwa mwezi haiwezi kufidia siku nyingine 28.

Miongozo ya 2020 inataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za mwendo mzito, na aitumie misuli kwa nguvu siku mbili au zaidi. Mzee aongeze shughuli za kumzoeza asianguke. Mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kwa siku, na hapa ndipo dunia imeshindwa vibaya zaidi: mwaka 2016, vijana 81 kati ya kila 100 wenye miaka 11 hadi 17 hawakufikia. Kisangani ina dawa yake mlangoni kwa upande wa wasichana, nayo ni mchezo wa nzango. Wachezaji wawili huruka wakitazamana, wakipiga makofi na kuimba, kisha kila mmoja hutupa mguu mbele, na pointi huenda kwa kutegemea miguu imelingana au imepishana. Hautaki mpira, hautaki uwanja wa majani, na dakika tano zake humwacha mtu akihema kweli. Katika Kongo zote mbili umekwisha kupewa kanuni na mashindano. Shule inayofuta kipindi cha mazoezi kwa kukosa vifaa huwa imeusahau mchezo ambao wasichana wake wanaucheza nje ya geti.

Kwa watu wazima wa mjini, linalosaidia zaidi ni barabara. Mtu atatembea akiwa na pa kukanyaga. Kati ya kanda zote za WHO, Afrika ndiyo yenye kiwango cha juu kabisa cha vifo vya barabarani kulingana na idadi ya watu, na kando ya barabara ambako pikipiki zinapita pande zote mbili za mtaro, kupanda pikipiki kwa safari ya dakika kumi ni uamuzi wa busara, si uvivu. Njia ya waenda kwa miguu iliyoinuliwa kidogo, mti wa kivuli kila baada ya nyumba chache, taa, na gati la mitumbwi lisiloteleza upande wa Lubunga vingeongeza hatua nyingi kuliko mabango.

Na ongezeko hilo linaweza kupimwa bila akselerometa hata moja. Kinachotakiwa ni mtu, daftari na saa. Daraja la mto Tshopo, linalopeleka njia ya Banalia na Buta, ni mahali pafaapo, kwa kuwa wanaoingia mjini upande huo hawana pengine pa kupita. Mhesabuji husimama tangu saa kumi na mbili hadi saa moja asubuhi, siku ya soko na siku isiyo ya soko, katika mwezi wa mvua nyingi na mwezi wa mvua chache, akarudia mwaka unaofuata kwa siku na saa zilezile. Daftari hugawanywa safu: wanaume na wanawake, watoto wa shule, waendao kwa miguu bila mzigo na wenye mizigo, baiskeli, pikipiki, magari. Kila anayepita hupigiwa mstari mmoja chini ya safu yake. Anayesukuma baiskeli iliyosheheni makaa, ambaye hakuipanda wala hatembei tu, huwekewa safu ya peke yake.